Maswali ya Wasomaji: Maji Yanapoharibu Nyumba ya Kupanga, Nani Atengeneze na Nani Alipe?

Tangu mvua za Machi zianze, barua nyingi zinazofika kwenye safu hii zinahusu maji yaliyoingia ndani ya nyumba za kupanga: kutoka kwenye paa, ukutani, kwenye bomba lililopasuka, au kwa jirani wa ghorofa ya juu. Tumechagua tano. Majibu yanategemea zaidi Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya Uganda ya mwaka 2022, ambayo ilichukua nafasi ya sheria kongwe za kodi za enzi ya ukoloni na ambayo wapangaji wengi, pamoja na wenye nyumba wengi, hawajapata kuisoma.

Paa linavuja na mwenye nyumba hajali

*Ndugu Mshauri, nimepanga vyumba viwili hapa Nsambya kwa shilingi 200,000 kwa mwezi, na kodi ninaituma kwa simu kila mwezi bila kukosa. Paa limekuwa likivuja tangu mvua zilipoanza. Nimemwambia mama mwenye nyumba kwa mdomo mara kadhaa, naye hunijibu kwamba mvua ni ya Mungu na kwamba nyumba zote za mtaa huu zinavuja. Juzi usiku maji yalishuka kwa wingi, yakalowesha godoro, vitabu vya shule vya watoto na televisheni, ambayo sasa haiwaki. Hatuna mkataba wa maandishi. Nani anapaswa kutengeneza paa? Ninaweza kudai vitu vyangu? Na je, nikizuia kodi mpaka atengeneze, nitakuwa nimekosea? – Mama wa watoto watatu, Nsambya, Kampala*

Pole sana, mama, wewe na watoto. Mvua ni ya Mungu, lakini paa ni la mwenye nyumba. Sheria ya 2022 inamkataza mtu kupangisha, kwa ajili ya makazi, nyumba isiyofaa kukaliwa na binadamu, na inamwekea mwenye nyumba wajibu wa kuutunza na kuutengeneza mwili wa nyumba, yaani yale mambo ambayo mpangaji hawezi kuyabeba akihama: paa, kuta, msingi, na mabomba yaliyojengewa ndani ya nyumba. Kwamba nyumba za jirani nazo zinavuja si utetezi. Kama mtaa mzima unavuja, basi wenye nyumba wote wa mtaa huo wana kazi ya kufanya.

Usiogope kwamba huna karatasi. Sheria hiyo hiyo inatambua upangaji uliokubaliwa kwa mdomo na hata ule unaoonekana kwa matendo ya pande mbili. Kinachotakiwa kuwa kwa maandishi, au kwa ujumbe wa kielektroniki, ni upangaji wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi, nawe unapanga mwezi kwa mwezi kwa kiasi kilicho chini ya hapo. Ujumbe wa simu unaoonyesha kodi uliyotuma kila mwezi ni ushahidi mzuri wa upangaji wako, kwa hiyo usiufute, na ukibadilisha simu hakikisha umeuhifadhi mahali pengine.

Suala la godoro, vitabu na televisheni ni tofauti na suala la paa, na watu wengi hushindwa hapa kwa sababu huyachanganya. Wajibu wa kutengeneza paa upo kwa sababu tu paa ni bovu. Wajibu wa kulipa vitu vilivyoharibika, kwa upande mwingine, unahitaji uonyeshe kwamba mwenye nyumba alijua kuna uvujaji, kwamba alipata muda wa kutosha kutuma fundi, kwamba hakufanya lolote, na kwamba uharibifu ulitokana na uzembe huo. Ukidai bidhaa zilizolowa katika mvua ya kwanza kabisa, kabla hujamwambia mtu yeyote, atakujibu kwamba hakujua, na jibu lake litakuwa na uzito. Wewe ulimwambia kabla, nalo ni jambo jema, lakini ulimwambia kwa mdomo, na siku ya shauri anaweza kukana.

Ndiyo maana ninakuomba uandike leo, kabla ya jambo lingine lolote. Huhitaji wakili wala lugha ya kimahakama. Mtumie ujumbe wa simu au barua, na nakala ubaki nayo, ukisema hivi: “Mama, ninakujulisha kwa maandishi kama nilivyokujulisha kwa mdomo tangu mvua zilipoanza kwamba paa la vyumba ninavyopanga kwako linavuja juu ya chumba cha kulala. Usiku wa tarehe fulani maji yaliingia na kuharibu godoro, vitabu vya watoto na televisheni. Ninaomba utume fundi ndani ya siku saba, na tuzungumze kuhusu vitu vilivyoharibika. Picha nimeziambatisha.” Taja tarehe halisi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inaruhusu ujumbe wa aina hii kupokelewa mahakamani kama ushahidi, kwa hiyo picha na ujumbe wa WhatsApp vina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Piga picha ya dari, ya alama za maji ukutani, ya godoro na ya vitabu. Televisheni usiitupe. Mpelekee fundi wa vifaa vya umeme aandike kwa mkono wake kwamba imeharibiwa na maji, aweke sahihi na tarehe. Ukidai, dai thamani ya kitu kama kilivyokuwa siku kilipoharibika, kwa maana televisheni ya miaka mitano hailipwi kwa bei ya mpya iliyoko dukani.

Nawe una wajibu wako. Mtu anayejua kwamba maji hushuka juu ya kitanda anatarajiwa kukisogeza kitanda, kuweka ndoo, na kuvipandisha vitabu juu. Mahakama ikiona kwamba hasara ungeweza kuizuia kwa hatua ndogo, itapunguza kile inachokupa. Na kuna hatua moja ambayo haihusu fidia bali uhai: maji yakifika karibu na taa, soketi au mita ya umeme ya Yaka, zima swichi kuu mara moja wala usiiwashe mpaka fundi umeme athibitishe kwamba nyaya zimekauka.

Kuhusu kuzuia kodi, jibu langu ni hapana. Ninajua linauma, kwa sababu unalipia chumba ambacho huwezi kulala kwa amani, lakini mpangaji anayeacha kulipa kwa uamuzi wake peke yake anampa mwenye nyumba sababu halali ya kwenda mahakamani kudai malimbikizo na hata kuomba amri ya kumtoa, na kuanzia hapo shauri linageuka kuwa la kodi yako badala ya kuwa la paa lake. Njia salama ni makubaliano. Mwenye nyumba akisema hana fedha kwa sasa, mwombe akubali kwa maandishi kwamba utamlipa fundi wewe mwenyewe na kukata gharama hiyo katika kodi ya mwezi unaofuata. Mwafikiane kiasi kabla kazi haijaanza, na risiti umpe. Wenye nyumba wengi hukubali wakiona bei, kwa sababu mara nyingi kinachotakiwa ni misumari mipya yenye mipira ya kuzuia maji na mabati mawili matatu ya kubadilisha, wala si paa zima.

Akikataa kabisa, nenda kwa mwenyekiti wa LC I, yaani baraza la mtaa wako, na umwombe awakutanishe. Mashauri mengi ya aina hii huishia hapo. Mahakama ya LC inaweza pia kusikiliza madai ya mikataba na ya uharibifu wa mali ambayo thamani yake haizidi shilingi milioni 2. Kwa kiasi kikubwa zaidi upo utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu, uliowekwa kwa kanuni za mwaka 2011, ambao hushughulikia madai ya hadi shilingi milioni 10, mambo ya kodi ya nyumba yakiwamo, nawe unajieleza mwenyewe bila kuwakilishwa na wakili. Ukihitaji mtu wa kukusaidia kupanga maelezo yako bila malipo, waulize Justice Centres Uganda au FIDA Uganda, chama cha mawakili wanawake.

Huenda unahofia kwamba ukilalamika atakutoa. Ninaielewa hofu hiyo, kwani sote tumeona mabati yanayong'olewa huku wapangaji wamo ndani, au kufuli geni mlangoni jioni mtu anaporudi kazini. Hiyo si njia halali. Chini ya sheria ya 2022 mpangaji hatolewi bila amri ya mahakama, na mwenye nyumba anayemtoa kwa nguvu anatenda kosa. Likikutokea, ripoti kwa LC na kituo cha polisi siku hiyo hiyo.

Ukuta una unyevu na mtoto anakohoa

*Mheshimiwa Mshauri, ukuta wa chumba cha watoto huwa na unyevu mwaka mzima, hata kiangazi. Rangi inabanduka na kuna ukungu mweusi kwenye pembe. Mwenye nyumba huleta rangi mpya kila mara, lakini baada ya miezi miwili mambo hurudi palepale. Mtoto wangu mdogo anakohoa usiku. Mwenye nyumba sasa anasema ukungu ni wetu kwa sababu tunapikia ndani kwa sigiri na hatufungui madirisha. Ukweli uko wapi? – Baba mwenye wasiwasi, Arua*

Ukweli unaweza kuwa upande wake, upande wako, au pande zote mbili, ndugu yangu, na njia ya kuujua ni kuuchunguza ukuta wenyewe. Unyevu wa nyumba una vyanzo vya aina tatu, na kila kimoja huacha alama yake.

Cha kwanza ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Tofali za kuchoma hunyonya maji, na kama mjenzi hakuweka tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi kabla ya kuanza kuta, maji hupanda taratibu ndani ya ukuta. Alama yake huanzia sakafuni na kwa kawaida hukomea kimo cha kama mita moja, lipu hulegea na kumomonyoka, na mara nyingi huonekana unga mweupe wa chumvi juu yake. Cha pili ni uvujaji wa paa au bomba. Ule wa paa huacha duara la rangi ya kahawia kwenye dari au sehemu ya juu ya ukuta na huzidi baada ya mvua, ilhali ule wa bomba hauna msimu, upo jua liwake mvua inyeshe. Cha tatu ni mvuke wa ndani, unaotokana na kupika, kuchemsha maji, kuanika nguo chumbani na hata pumzi za watu wengi waliolala katika chumba kilichofungwa. Huu hutua kwenye sehemu zenye baridi, yaani pembe za juu, nyuma ya kabati na karibu na madirisha, na huonekana zaidi alfajiri.

Unyevu wako upo mwaka mzima na rangi inabanduka, mambo mawili yanayoelekeza kwenye msingi au bomba kuliko kwenye sigiri. Ukikuta kwamba lipu imeharibika kuanzia chini na ina chumvi, jambo hilo ni la mjenzi na la mwenye nyumba, na rangi haitalitibu hata akipaka kila mwezi, kwa sababu rangi hufunika maji yaliyomo ukutani bila kuyaondoa. Kazi inayostahili ni kuondoa lipu iliyoharibika, kutengeneza chanzo, kuelekeza maji ya mvua mbali na msingi kwa mtaro na gata, kuacha ukuta ukauke kabisa, na ndipo lipu na rangi mpya vipakwe. Mara nyingi nimeona tatizo lote likiwa ni udongo au zege la nje lililorundikwa juu kuliko msingi, hivi kwamba kila mvua inapiga moja kwa moja kwenye tofali. Hilo hurekebishwa kwa jembe na nusu siku ya kazi.

Ukungu wa kwenye pembe, hata hivyo, unaweza kuwa umechangiwa na mvuke. Hamisha sigiri nje au barazani leo hii, na si kwa sababu ya ukungu peke yake: mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, inayoua watu usingizini. Fungua madirisha mchana, sogeza kabati mbali kidogo na ukuta, na anika nguo nje. Baada ya wiki tatu, kama ukuta bado umelowa, utakuwa umemwondolea mwenye nyumba hoja yake.

Kikohozi usikisubirishe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani unahusisha nyumba zenye unyevu na matatizo ya kupumua pamoja na pumu, na watoto ni miongoni mwa wanaoathirika kwa urahisi. Mpeleke mtoto kituo cha afya, mweleze mhudumu hali ya chumba, na uombe aiandike. Mhamishie mtoto chumba kingine usiku ikiwezekana. Kisha mwandikie mwenye nyumba ukiambatisha picha na maelezo ya hospitali. Asipochukua hatua, ofisi ya afya ya jiji lenu inaweza kutuma afisa wa afya kuikagua nyumba, kwa kuwa Sheria ya Afya ya Umma inaihesabu nyumba iliyo katika hali ya kudhuru afya kuwa kero, na inaipa mamlaka ya eneo uwezo wa kumtaka mhusika aiondoe. Ripoti ya afisa huyo itakufaa pia kama jambo litafika mbele ya hakimu.

Mfereji uliosahauliwa wazi ghorofani

*Ninaishi ghorofa ya chini mjini Jinja. Maji yalikatika mchana, jirani wa juu akaacha mfereji wake wazi, akasafiri. Maji yaliporudi usiku yalifurika kwake na kushuka kwangu. Mwenye nyumba anasema nimdai jirani, jirani anasema nimdai mwenye nyumba. – Aliyekwama katikati, Jinja*

Mdai jirani. Mfereji ulikuwa mzima, aliyeuacha wazi ni yeye, na mtu anayewasababishia wenzake hasara kwa uzembe huwajibika kuilipa. Pigeni picha pamoja, andikeni orodha ya vitu vilivyoharibika, na mkishindwa kuafikiana nendeni kwa LC. Lakini mwenye nyumba hajatoka mchezoni. Dari iliyolowa, lipu iliyoanguka na taa zilizoingia maji ni sehemu za nyumba yake, na wewe una haki ya kumtaka azitengeneze bila kusubiri ugomvi wa fidia uishe. Yeye baadaye ataidai gharama hiyo kwa mpangaji wa juu. Na kama itabainika kwamba sinki la juu lilifurika kwa sababu mtaro wake uliziba zamani na mwenye nyumba alikuwa ameshaambiwa, lawama itagawanyika. Anza kukausha sasa, maana ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya siku mbili tu katika godoro au zulia lililolowa.

Mpangaji alinificha uvujaji

*Ndugu Mshauri, mimi ni mwenye nyumba, na ninaona safu hii huwasikiliza wapangaji zaidi. Mpangaji wangu hapa Busia amehama. Nilipoingia nilikuta kabati la chini ya sinki limeoza, vigae vimeinuka na ukuta umelowa. Majirani wananiambia bomba lilikuwa likivuja kwa miezi mingi naye akaweka beseni tu, wala hakunipigia simu. Bili ya maji nayo imepanda. Je, nibaki na amana yake yote? – Mwenye nyumba, Busia*

Asante kwa kuandika, mzee wangu, na malalamiko yako nimeyapokea. Katika jambo hili una haki nyingi, ingawa si zote.

Bomba lenyewe ni lako. Mpira uliochakaa au kiungo kilicholegea kwa matumizi ya kawaida ni gharama yako, iwe mpangaji alisema au hakusema. Kilicho chake ni matokeo ya kunyamaza. Mpangaji anatakiwa kuitunza nyumba kama mtu mwangalifu, na mtu mwangalifu akiona maji yanatiririka chini ya sinki humpigia simu mwenye nyumba. Kazi ambayo ingekwisha kwa fundi bomba wa saa moja imekuwa kazi ya seremala, mwashi na mpaka rangi, na tofauti hiyo ya gharama ndiyo unayoweza kuidai kwake. Sharti ni moja: lazima uthibitishe kwamba alijua. Beseni lililobaki na alama za maji, kauli za majirani walio tayari kusema mbele ya LC, na picha ulizopiga kabla ya kuanza ukarabati, vyote vitakusaidia. Kama uvujaji ulikuwa ndani ya ukuta mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuuona, humdai kitu.

Amana, basi, usiimeze yote kwa hasira. Amana ni fedha ya mpangaji iliyo mikononi mwako kwa kazi maalumu. Pata bei za mafundi kwa maandishi, tenga gharama ya bomba upande wako, toa uchakavu wa kawaida wa kabati ambalo lilikuwa limeshatumika miaka kadhaa, kisha kata kinachobaki na umrudishie salio pamoja na nakala za risiti. Mwenye nyumba anayeonyesha hesabu yake mara chache hushtakiwa, na akishtakiwa ana la kusema.

Bili ya maji inakuhusu wewe kwanza kama akaunti iko kwa jina lako, kwani Shirika la Taifa la Maji na Majitaka humdai mwenye akaunti. Shirika hushughulikia bomba mpaka kwenye mita, na kuanzia mita kuelekea ndani bomba ni la mwenye nyumba. Wafundishe wapangaji wako wajao jaribio hili: funga mifereji yote na vali ya tangi la choo, andika tarakimu za mita, usitumie maji kwa saa moja, kisha zisome tena. Zikiwa zimesogea, kuna mahali panapovuja.

Na tangu sasa, kagua nyumba zako. Una haki ya kuingia kukagua na kutengeneza, mradi umpe mpangaji taarifa mapema na uje saa zinazofaa, isipokuwa kwa dharura kama bomba lililopasuka. Siku mpangaji anapoingia, zungukeni pamoja chumba kwa chumba, mpige picha, mwandike hali ya kila kitu, na kila mmoja aweke sahihi. Weka kwenye mkataba sentensi moja inayosema kwamba uvujaji wowote utaripotiwa kwako mara tu utakapoonekana, na utoe nambari ya simu ambayo kweli utaipokea. Ninalisema hili la mwisho kwa msisitizo, kwa sababu wapo wapangaji wanaoweka beseni si kwa uvivu, bali kwa kuwa walipopiga simu mara ya kwanza walifokewa.

Nyumba imezama: je, kodi inaendelea?

*Chumba changu Bwaise hujaa maji kila mvua kubwa inaponyesha. Mwezi huu nililala kwa dada yangu karibu wiki mbili. Mwenye nyumba anadai kodi ya mwezi mzima, na anasema mafuriko si kosa lake. Nifanye nini? – Kijana wa Bwaise, Kampala*

Pole, mdogo wangu. Mvua moja ya ajabu ambayo hakuna aliyeitarajia ni jambo moja, na chumba kinachojaa kila mvua kubwa ni jambo jingine kabisa. Ziwa Victoria lilipopanda mwezi Mei 2020 na kupita kiwango cha juu kilichowahi kupimwa, kile cha mwaka 1964, nyumba za ufukweni ambazo hazijawahi kuguswa na maji ziliingiliwa, na ingekuwa vigumu kumwambia mwenye nyumba wa huko kwamba alipaswa kujua. Bwaise si hivyo. Eneo hilo liko bondeni, sehemu yake kubwa ni ardhi iliyokuwa kinamasi, na maji ya vilima vinavyolizunguka hushuka hapo kabla ya kuelekea kinamasi cha Lubigi. Anayepangisha chumba huko anajua maji yatakuja, na kwa hiyo suala la kama chumba kinafaa kukaliwa na binadamu linamhusu moja kwa moja.

Hata hivyo usiache kulipa kimyakimya. Mwandikie ukitaja siku ambazo hukuweza kuishi humo, ukiambatisha picha za maji na za alama yalipofika ukutani, na uombe kodi ya siku hizo ipunguzwe. Akikataa, mpelekee LC hoja hiyo hiyo, maana kiasi kinachobishaniwa ni kidogo na baraza la mtaa linalifahamu bonde hilo kuliko mtu yeyote. Mwombe pia afanye yale yaliyo ndani ya uwezo wake: kuinua kizingiti cha mlango, kuzibua mtaro ulio ndani ya kiwanja chake, kupandisha soketi za umeme juu ya alama ya maji. Mtaro mkuu wa barabara si wake. Huo uripotiwe KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, kupitia ofisi ya tarafa ya Kawempe, na mkienda wapangaji kadhaa pamoja mtasikilizwa haraka zaidi.

Mafuriko ya Bwaise hubeba maji ya vyoo. Ukirudi chumbani usianze kuishi kabla hujatoa matope, kuosha sakafu na kuta kwa maji yenye dawa ya klorini, na kuchemsha maji ya kunywa hata kama yanatoka mferejini. Godoro lililozama katika maji hayo halifai tena kulaliwa.

Ninakushauri pia, kwa moyo wa kaka mkubwa, uanze kutafuta chumba kwingine kidogo kidogo. Baadhi ya nyumba za mabondeni zimejengwa ndani ya kinamasi kinacholindwa na sheria, na mamlaka ya mazingira, NEMA, ilishabomoa nyumba za aina hiyo katika kinamasi cha Lubigi mwaka 2024. Mpangaji aliyelipa miezi kadhaa mbele katika nyumba kama hiyo huambulia kazi ya kumfukuzia mwenye nyumba arudishe fedha. Ukienda kuona chumba kipya, nenda mara baada ya mvua kunyesha, tazama ukuta wa nje chini ya kiwango cha dirisha kama una mstari wa matope, na umwulize mpangaji wa chumba cha jirani, si dalali, maji huwa yanafika wapi.